Siku Mia za Kwanza Ujerumani: Mwongozo Kamili wa Kuzoea Maisha ya Kila Siku

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu waliohamia Ujerumani halihusu viza wala kazi. Wanauliza kwa nini, miezi minne au mitano tangu wafike, bado wanajiona wageni katika chumba wanachokilipia wenyewe: barua zimerundikana mezani bila kufunguliwa, usingizi hauji kwa wakati wake, jirani wa mlango wa pili hajulikani hata kwa jina, na simu ya nyumbani ndiyo mazungumzo pekee ya siku nzima. Nikiwauliza wamefanya nini hadi sasa, karibu wote hujibu kwamba wanasubiri kuzoea. Kosa liko hapo. Kuzoea nchi ya watu ni kazi yenye mpangilio wake, na anayeianzia katikati hurudi mwanzo mara tatu.

Mimi ninaishi Hamburg, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko, lakini taratibu nitakazozieleza ni za nchi nzima isipokuwa pale nitakaposema vingine.

## Vitu vya kutayarisha

- Pasi, mkataba wa nyumba, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ndoa kama kipo, pamoja na tafsiri zake za Kijerumani zilizofanywa na mtafsiri aliyeapishwa.
- Faili gumu la karatasi na mashine ya kutoboa matundu mawili. Nitaeleza sababu katika hatua ya tatu.
- Adapta mbili za plagi. Plagi ya pini tatu bapa tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda haiingii katika soketi ya Ujerumani yenye matundu mawili ya duara.
- Saa inayoonyesha saa 24, na kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandika.
- Viungo vyako, na dagaa wakavu ukiwapenda. Samaki mkavu wa matumizi binafsi anaruhusiwa hadi kilo 20, lakini nyama, maziwa na vyakula vitokanavyo navyo haviruhusiwi katika mzigo wa abiria anayeingia kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Samli ya bibi, kwa masikitiko, ibaki nyumbani.

Koti zito usilinunue Kariakoo wala Gikomba kabla ya safari. Utalinunua hukohuko, hata la mtumba, ukiwa umeshaijua baridi inayovaliwa koti hilo.

## Hatua ya 1: Bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua

Fanya hivi siku ileile unapokabidhiwa ufunguo, hata kabla ya kufungua begi. Katika majengo ya Ujerumani nyumba nyingi za kupanga hazina namba za milango. Mleta barua hutafuta jina la ukoo kwenye kisanduku, na asipoliona huirudisha barua ilikotoka. Kadi ya benki, namba ya siri ya kadi hiyo, kadi ya bima ya afya na namba ya kodi vyote huja kwa posta, na vingine huja katika bahasha tofauti kwa siku tofauti.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasi. Wengi wetu tuna majina matatu, la kwako, la baba na la babu, na ofisi moja hulichukua la mwisho ilhali nyingine hukuandika kwa yote mawili ya mwisho. Kwenye kisanduku yaandike yote mawili. Ukiwa umepangishwa chumba katika nyumba ya mtu mwingine, omba ruhusa yake kwanza, kisha bandika jina lako chini ya lake, na pia kwenye kengele ya mlango wa nje.

Dalili ya kufaulu: barua ya kwanza imefika, hata kama ni tangazo la duka.

## Hatua ya 2: Jisajili katika wiki mbili

Sheria inakutaka uandikishe makazi yako ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Kitendo hicho huitwa Anmeldung, na hufanyika katika ofisi ya manispaa ambayo miji mingi huiita Bürgeramt. Utahitaji pasi, fomu, na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake, inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi hurudishwa.

Onyo: asiyekubali kukupa karatasi hiyo hakukupangisha, amekuhifadhi tu. Bila usajili namba ya kodi haiji, na bila namba ya kodi mwajiri hukukata kodi kwa kiwango cha juu kabisa. Uliza habari ya karatasi hiyo kabla ya kulipa amana ya nyumba. Kuhusu amana yenyewe, sheria hairuhusu ipite kodi ya nyumba ya miezi mitatu isiyo na gharama za joto na huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu.

Nafasi za miadi huwa chache. Angalia ukurasa wa manispaa asubuhi na mapema, kwa sababu miadi iliyofutwa na wengine hurudi hapo. Ukishasajiliwa, omba mara moja miadi ya ofisi ya wageni kwa ajili ya kibali cha ukaazi, na ombi lako lifike huko kabla viza haijaisha hata kama siku ya miadi yenyewe ni baadaye.

## Hatua ya 3: Fungua kila barua siku inapofika

Nitakaa kidogo katika hatua hii, kwa kuwa ndiyo iliyowagharimu fedha nyingi watu ninaowafahamu, nami nikiwamo.

Kwetu jambo zito huja kwa simu au kwa mtu. Barua ni ya harusi au ya shule. Ujerumani ni kinyume: kisichoandikwa hakijatokea, na kilichoandikwa kina tarehe ya mwisho hata kama hukukisoma. Mwaka wangu wa kwanza niliziweka barua juu ya jokofu nikisema nitazitafsiri Jumamosi. Jumamosi zilipita sita. Deni dogo la huduma fulani lilikuwa limekwishapata barua mbili za kukumbushwa, na kila moja ilikuwa imeongeza ada yake.

Fanya hivi. Simama karibu na pipa la karatasi, fungua bahasha, tafuta vitu vitatu tu: nani ameandika, anataka nini, na mwisho ni lini. Tarehe iandike kwenye kalenda ya ukutani palepale. Kisha toboa barua na uiweke kwenye faili; kila mtu hapa ana faili kama hilo, na siku moja afisa atakuomba karatasi ya miaka mitatu iliyopita akitarajia kwamba unayo.

Barua mbili zinahitaji maelezo. Ya kwanza ni ya mchango wa redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, ambao ni euro 18.36 kwa mwezi. Wageni wengi huidhania kuwa ya matapeli kwa sababu hawana televisheni. Si ya matapeli, na kutokuwa na televisheni hakukuondolei wajibu. Lakini mchango hulipwa kwa nyumba, haulipwi kwa kichwa: mkiishi wanne katika nyumba moja, mmoja analipa na wengine wanajibu barua zao kwa kutaja namba yake ya mchangiaji, kisha mnagawana.

Ya pili ni bahasha ya manjano, ya mahakama au ofisi ya serikali. Mleta barua huandika juu yake tarehe aliyoifikisha, na siku za kujibu au kukata rufaa huanza kuhesabiwa kutoka tarehe hiyo, hata kama aliitumbukiza kisandukuni ukiwa safarini. Usiitupe bahasha, ibanie pamoja na barua.

Dalili ya kufaulu: meza haina bahasha iliyofungwa, na hushtuki tena usikiapo kifuniko cha kisanduku.

## Hatua ya 4: Ifunze akili yako saa upya

Sisi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kuongeza au kutoa sita tumeshazoea. Mtego uko penginepo. Mjerumani akisema „halb drei“, maneno yenyewe ni „nusu tatu“, na sikio la Kiswahili husikia tatu na nusu. Yeye anakusudia nusu ya kuifikia tatu, yaani 14:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Niliwahi kufika kwa daktari wa meno saa tisa na dakika ishirini na tano nikiwa nimejisifu kwa kuwahi dakika tano. Dada wa mapokezi alinionyesha saa ya ukutani bila kusema neno, na miadi mpya ilikuwa baada ya wiki saba.

Dawa yake ni rahisi. Kila unapotajiwa wakati, rudia kwa mfumo wa saa 24, „vierzehn Uhr dreißig“, na uandike mbele ya aliyekutajia. Hakuna atakayeona ajabu.

Kumbuka pia kwamba saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Majira ya baridi Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja.

## Hatua ya 5: Tawala joto, hewa na giza

Mgeni huogopa baridi, lakini kinachomwangusha ni giza. Mwishoni mwa Desemba, jua la Hamburg huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, tena mara nyingi huwa nyuma ya mawingu siku nzima. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hugawana sawa mwaka wote, hana kumbukumbu yoyote mwilini ya jambo hili. Hulala mno, huamka amechoka, kisha hujilaumu kwa uvivu.

Toka nje kila siku kati ya saa tano na saa nane mchana, dakika thelathini, hata mawingu yakiwa mazito, kwa sababu mwanga wa nje wa siku mbaya bado unaishinda taa ya chumbani. Ulizia kwa daktari habari ya vitamini D, hasa sisi wenye ngozi nyeusi tunaohitaji jua zaidi ili mwili uitengeneze. Huzuni ikizidi wiki kadhaa, hilo nalo ni la kumweleza daktari. Usiliache kwa maombi peke yake. Mwezi Juni mambo hugeuka na jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo nunua pazia zito la kuzuia mwanga.

Sasa hewa. Chumba kilichofungwa majira ya baridi hukusanya mvuke wa kupikia, wa kuoga, wa nguo zinazokauka na wa pumzi zako, na mvuke huo hugeuka maji kwenye kona baridi za ukuta, kisha kuvu. Kuvu jeusi nyuma ya kabati ni ugomvi na mwenye nyumba, na atakuuliza jambo moja: ulikuwa unapitisha hewa? Mara mbili au tatu kwa siku zima hita, fungua dirisha lote wazi kwa dakika tano hadi kumi, funga, washa tena. Dirisha lililoinamishwa nusu siku nzima huku hita ikiwaka hupoza ukuta na kula fedha.

Namba iliyo kwenye kifundo cha hita si kasi ya kupata joto. Tatu ni kama nyuzi 20, na ukiweka tano chumba hakitapata joto haraka zaidi. Kitapita tu kiasi. Malipo yako ya kila mwezi ya joto ni makadirio. Hesabu kamili huja baadaye, pengine katika mwaka unaofuata, na wanaojisahau hupokea deni la mamia ya euro. Weka akiba ndogo kila mwezi kwa ajili yake.

## Hatua ya 6: Lifanye jiko liwe lako

Tumbo likitulia, nusu ya ugeni hupungua. Anza na chombo: sufuria zetu za alumini zikiwa na kitako cha mviringo hazitulii juu ya jiko la kioo, na kwenye jiko la induksheni, linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, hazipati joto kabisa. Nunua sufuria nzito ya kitako bapa inayovuta sumaku. Kwa ugali, ishike kwa kitambaa kinene upande mmoja na usonge polepole, kwa sababu ukiisukuma kwa nguvu za nyumbani itateleza na kukwaruza kioo, nacho kioo ni mali ya mwenye nyumba.

Unga wa mahindi wa manjano uliopo madukani, wa polenta, hutoa kitu kingine kabisa. Unga mweupe hupatikana katika maduka ya Kiafrika na baadhi ya maduka ya Kiasia. Sukuma wiki ina binamu yake hapa, Grünkohl, ambayo hujaa masokoni majira ya baridi. Ni ngumu zaidi, kwa hiyo ikatekate nyembamba na uipike muda mrefu kidogo.

Onyo: unapokaanga chapati au samaki, fungua dirisha na uwashe feni ya jikoni. Usifungue mlango wa kwenda kwenye ngazi ili moshi utoke. King'ora cha moshi kitanyamaza, lakini ngazi ya jengo zima itanuka kitunguu, na majirani watakujua kwa hilo kabla hawajakujua kwa sura.

## Hatua ya 7: Takataka, Jumapili na ukimya

Hapa nitapita haraka. Karatasi, vifungashio, mabaki ya chakula na taka nyinginezo zina mapipa tofauti. Omba jedwali la mtaa wako. Chupa za glasi zisizorudishwa dukani hupelekwa kwenye makontena ya barabarani kwa rangi zake, wala usizitupe usiku au Jumapili kwa sababu ya kelele. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ya kinywaji vina amana ya senti 25, kwa hiyo usivikanyage. Mashine ya dukani lazima isome alama yake.

Maduka hufungwa Jumapili. Nunua chakula Jumamosi, na usitoboe ukuta siku ya Jumapili. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi jengo hunyamaza, na simu ya sauti kubwa na shangazi wa Mombasa huhesabiwa kuwa kelele.

Treni za mjini nyingi hazina geti. Hilo lisikudanganye: wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na faini ya kukosa tiketi ni euro 60.

## Hatua ya 8: Tafuta daktari ukiwa mzima

Chagua daktari wa familia, Hausarzt, ndani ya mwezi wa kwanza, maana wengi hawapokei wagonjwa wapya na utapiga simu kadhaa kabla ya kukubaliwa. Antibiotiki hutolewa kwa agizo la dawa la daktari tu, na hata paracetamol huuzwa katika duka la dawa pekee. Hatari ya maisha, piga 112. Ukiugua usiku au wikiendi bila hatari ya maisha, piga 116117.

Ukishindwa kwenda kazini, mjulishe mwajiri asubuhi ileile kabla ya zamu kuanza. Ugonjwa ukizidi siku tatu unatakiwa uwe na cheti cha daktari, na mwajiri anaweza kukitaka mapema zaidi.

## Hatua ya 9: Onekana mahali pamoja, saa ileile

Nyumbani urafiki huanza kwa hodi. Hapa hodi isiyo na miadi humfadhaisha mwenye nyumba, na salamu ndefu ya habari za watoto, za kazi, za safari hukatika kwenye neno la kwanza. Wengi wetu hujibu kwa kujifungia, tukihukumu kwamba watu hawa ni baridi kama hali yao ya hewa. Nadhani hukumu hiyo inafanywa mapema mno. Mjerumani humzoea mtu kwa kumwona mara nyingi mahali palepale, na maneno huja baadaye.

Kwa hiyo chagua jambo moja linalorudi kila wiki: kwaya, mpira wa chama cha mtaani, kozi ya Volkshochschule ambayo ni shule ya umma ya watu wazima, kanisa au msikiti. Jipe miezi mitatu bila kukosa kabla ya kuamua kwamba hupendwi. Salimia ngazini na katika chumba cha kusubiri cha daktari, Hamburg husema „Moin“ saa yoyote ya siku. Mtazame mtu machoni unapozungumza naye, ingawa tulilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na umwite mkubwa kwa „Sie“, yaani „wewe“ ya heshima, mpaka mwenyewe akualike kutumia „du“, „wewe“ ya kirafiki.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la hapa ni zamu ya kufagia ngazi au kuondoa theluji mbele ya mlango, pale ambapo wapangaji hupokezana. Zamu yangu ya kwanza niliifagia siku moja kabla ya wakati. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili, aliyekuwa hajawahi kunijibu zaidi ya kutikisa kichwa, alisimama na fimbo yake akaanza kunieleza habari za goti lake linalomsumbua ngazini. Tulizungumza dakika ishirini, mimi nikielewa theluthi.

Dalili ya kufaulu: mtu anakuuliza kwa nini wiki iliyopita hukuonekana.

## Hatua ya 10: Zipe simu za nyumbani siku na kiasi

Simu ya kila usiku huonekana kuwa dawa, lakini humfanya mtu aishi Tanga huku mwili ukiwa Hamburg. Chagua siku mbili. Jumapili inafaa, kwa kuwa maduka yamefungwa na nyumbani wametoka kanisani au wamemaliza kula. Andika muda huo kwenye kalenda ileile ya barua.

Kuhusu fedha, tenga kiasi cha mwezi kabla ya maombi kuja, umweleze mtu mmoja tu wa nyumbani, dada mkubwa au mjomba, na maombi mengine yote yapitie kwake. Jibu la „mwezi huu fungu limekwisha“ huumiza kidogo kuliko „sina“, ambalo hakuna anayeliamini kwa mtu aliye Ulaya.

Katika simu hizo eleza mambo ya huku kwa majina na kwa sura, pamoja na yale madogo: theluji uliyoifagia, unga ulioupata, barua ya manjano uliyoijibu kwa wakati. Dalili ya kufaulu utaisikia kwa mama, siku atakapomaliza habari za kwake kisha akuulize kama yule bibi wa ghorofa ya pili goti lake limepona.